Bado Vifungo: Kisa cha Mhusika Aliyeweza Kila Kitu

Rafiki yangu aliyenisomea rasimu ya kwanza aliishia ukurasa wa 11. Hakusema kazi ni mbaya. Alisema, "Umeandika vizuri, ila huyu Tisini wako hata akifa leo mimi sina neno." Nikamkumbusha kwamba Tisini hafi. Akajibu, "Ndiyo maana."

Jibu hilo lilinikaa kooni wiki nzima. Hadithi ilikuwa na kurasa 40 hivi, ya kindoto mwanzo hadi mwisho: mji ambao ngazi zake huhama usiku, barua huwafikia watu kabla hazijaandikwa, na kwenye jengo la ghorofa nane kuna mpangaji wa ghorofa ya tisa. Mpangaji huyo ndiye Tisini. Jina alipewa na watoto waliojaribu kuhesabu vivuli vyake wakachoka walipofika tisini. Anakunja bahari kama mkeka. Anajua yaliyopita na yajayo. Mkono wake wa kushoto daima umefumbwa ngumi, na katika rasimu ile ngumi ilikuwepo ili itishe tu. Hata mimi niliyeiandika sikujua imeshika nini.

Niliwapa wasomaji wengine wawili. Mmoja alimaliza, akasifu ngazi zinazohama na mwanamke anayepokea barua, kisha akauliza kama Tisini ni lazima awepo. Wa pili alisema anamheshimu. Sijawahi kusikia neno "heshima" likiwa baya kiasi kile. Wote watatu walimpenda mwanamke wa barua, ambaye nilimwandika kwa aya mbili tu ili mtaa usiwe mtupu, na hakuna aliyempenda yule niliyemjengea hadithi nzima.

Hivi ndivyo alivyokuwa akiingia ukurasa wa tatu:

*Akanyoosha mkono, na Bahari ikajikunja miguuni pake kama mkeka. Nyota zikashuka kusikiliza. "Enyi wana wa vumbi," akanena, "Mimi ndimi niliyekuwapo kabla ya Kabla." Na wote wakaanguka kifudifudi.*

Nikiisoma leo natafuta pa kujificha. Lugha ya mabango ni kosa dogo, hiyo inarekebishika kwa dakika tano. Kosa kubwa nililigundua nilipochukua kalamu nyekundu na kutafuta neno moja katika matendo yote ya Tisini kwenye kurasa zile 11: neno "bado". Halikuwamo. Hapakuwa na "bado", wala "karibu", wala "nusura". Kila alichokianza kilikamilika ndani ya sentensi ileile. Ananyoosha mkono, bahari imeshajikunja. Anataka, imekuwa. Msomaji hapewi hata upenyo wa koma wa kukaa naye kabla jambo halijaisha. Halafu nikamwangalia mwanamke wa barua. Kila siku hupata barua ambayo mwandikaji wake bado hajaiandika, naye bado hajui aijibu au asubiri. "Bado" mbili katika aya mbili. Ndiyo waliyoipenda.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu hadithi za kindoto zenyewe, maana zina shida yake. Katika hadithi ya kawaida nguvu za mhusika hupimwa kwa ukuta. Akivunja ukuta, msomaji anajua ukuta ni mgumu, kwa hiyo anajua mhusika ana nguvu. Katika mji wa Tisini ukuta wenyewe hutembea. Ngazi zikihama bila kuguswa na mtu, bahari ikikunjwa si ajabu kubwa. Nilikuwa nimemweka mwenye nguvu zisizo na mpaka katika dunia isiyo na uzito, nikashangaa kwa nini anaelea. Waandishi wengi wa mkondo huu tunajidanganya kwamba maajabu yakizidi, mwenye maajabu naye atakua machoni pa msomaji. Anapungua. Kila muujiza wa mtaa unamnyang'anya mmoja wa kwake.

Nilijaribu tiba tatu kabla ya ile iliyofaa, na zote ni zile ambazo mtu yeyote angekushauri.

Ya kwanza ilikuwa kumpa mahali pa kufia. Nikamtungia kengele moja ambayo ikigongwa anapooza. Rafiki yangu akasoma, akasema sasa anajua hadithi itaishaje: kengele itagongwa. Alikuwa sahihi. Udhaifu wa aina hiyo ni kufuli la mtiririko wa matukio, haumleti mtu karibu. Nilikuwa nimemfikiria Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa shaba ikichomwa kitovuni. Lakini ukimuuliza aliyeusoma utendi kinachomuuma ni nini, hatakutajia kitovu. Atakutajia mwana. Mtoto aliyetumwa na maadui kuja kumuuliza baba yake siri ya kifo chake, na baba akamwambia. Atakutajia pia Liyongo aliyekufa akiwa amepiga goti kisimani, mshale umo kwenye upinde, watu wakiogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai, mpaka mama yake alipokwenda kumbembeleza. Ile shaba ni ufunguo wa mlango tu. Nyuma ya mlango ndiko kuliko na watu, na mimi nilikuwa nimechonga ufunguo bila nyumba.

Tiba ya pili ilikuwa upweke. Nikaandika kurasa mbili za Tisini akiwa ghorofani, akitazama taa za mji na kuhuzunika kwamba wote anaowajua watakufa. Hizo nilizifuta bila kumwonyesha mtu. Huzuni ya milele haina saa wala mahali, na kitu kisicho na saa wala mahali hakimlizi mtu.

Ya tatu ndiyo iliyonichelewesha zaidi, kwa sababu ilielekea kufaa. Nikamfanya achekeshe. Anapoteza viatu, anabishana na paka, anaimba vibaya. Wasomaji wakacheka. Rafiki yangu akasema, "Sasa ni shangazi yangu mwenye vivuli vingi." Nilifurahi siku nzima, kisha nikaelewa amesema nini. Nilikuwa nimemleta karibu kwa kumkata miguu. Bahari ilikuwa haikunjwi tena mahali popote. Mtu akikuuliza unawezaje kumfanya kiumbe wa namna hii agusike, ukamjibu kwa kumpunguza, hujamjibu. Umembadilishia swali.

Kilichonizindua kilitoka mbali kidogo. Nilikuwa napitia kibao cha 11 cha masimulizi ya Gilgamesh, utendi wa kale wa Mesopotamia ulioandikwa kwenye vibao vya udongo, pale gharika inaposimuliwa. Miungu wenyewe ndio walioamua kuishusha. Maji yanapopanda wanatishika na kazi ya mikono yao, wanakimbilia juu mbinguni, na huko wanajikunyata kama mbwa penye ukuta. Ishtar, mmoja wa miungu hao, analia kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Maji yakishakauka na sadaka ya kwanza kufukizwa, wanasikia harufu na kumzunguka mtoa sadaka kama nzi.

Mbwa, mzazi, nzi. Nilisoma sehemu hiyo mara nne. Gharika haikupungua hata tone ili miungu wale waeleweke. Inaendelea kuua chini wakati wao wamejikunyata juu. Nguvu ipo yote na hofu ipo yote, na zimetoka kwenye tendo lilelile. Mimi nilikuwa nikiweka nguvu za Tisini upande mmoja wa ukurasa na ubinadamu wake upande mwingine, kama mtu anayepima kwenye mizani, huku nikiongeza wa pili kwa kupunguza wa kwanza.

Nikakumbuka na Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, katika utendi wa Iliadi, kitabu cha 16, anapomwona mwanawe Sarpedon anakwenda kuuawa. Anaweza kumnyakua. Mkewe Hera hamkatalii, anamwambia fanya, ila ujue miungu wengine nao watataka kunyakua wana wao. Basi anadondosha mvua ya damu na kumwacha. Uwezo anao wote, lakini akiutumia atavunja kitu kingine anachokishikilia.

Kutokana na hayo nikajiandikia swali kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza: *Tisini anataka nini ambacho akikichukua kwa nguvu zake kinaacha kuwa kile alichokitaka?*

Majibu ya kwanza yalikuwa makubwa mno: upendo, msamaha, kusahau. Nikiandika neno kubwa kama hilo kwenye karatasi hujihisi nimefanya kazi, na kumbe sijaanza. Siku ya tatu niliitazama tena ile ngumi iliyofumbwa. Nikajiuliza swali la kijinga: kwa nini asikiweke chini hicho alichoshika, au akakitia mahali?

Kwa sababu hana mfuko.

Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, maana mlango ulikuwa umefunguka. Mwenye kuweza kila kitu amekishika kitu kimoja kwa miaka mia nne kwa sababu hana pa kukitia. Kwa nini asijiumbie mfuko? Hapo ikanibidi nitunge kanuni, ya kwanza katika hadithi nzima: vitu anavyoviumba Tisini havina ndani. Aliwahi kuumba jengo zima, madirisha na milango, likawa jiwe moja mpaka katikati. Yeye huona pande zote kwa pamoja, na ndani ni pale jicho lisipofika. Asichokiona hawezi kukiumba. Makoti amejiumbia mengi, na kila koti mfuko wake ulikuwa mchoro tu wa mfuko. Anataka mahali ambapo jicho lake mwenyewe halifiki. Na mahali hapo lazima pashonwe na mtu ambaye jicho lake lina mwisho.

Nikamwandikia fundi cherehani. Tukio lenyewe naliweka hapa kama lilivyo katika rasimu ya nne:

*Asubuhi ile kitu kiliingia dukani kikiwa kimeinama, ingawa mlango ulikuwa mrefu. Labda kilikuwa kimewaona watu wakiinama milangoni. Vivuli vyake vilibaki nje, vimejipanga ukutani. Fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Alikuwa na miaka 72 na hakujua nani amwamkie nani.*

*"Shikamoo," kilisema.*

*"Marahaba," fundi akajibu, maana mdomo ulishazoea. "Nikusaidie nini, mama?"*

*"Koti. Lenye mfuko."*

*"Mifuko miwili, ndivyo makoti yalivyo."*

*Kikafikiri. "Sina cha kutia kwenye wa pili."*

*Fundi akavua futi shingoni. Akapima bega hadi bega, akaandika. Akarudia, akapata namba nyingine. Mara ya tatu, nyingine tena.*

*"Simama mahali pamoja, mama."*

*"Nimesimama."*

*"Unasimama kwingi."*

*Kikajaribu. Vivuli vikaanza kurudi kimoja kimoja, vikapita chini ya mlango, vikajikunja nyuma ya visigino. Namba kwenye futi ikatulia. Na mvua iliyokuwa ikinyesha barabarani ikaning'inia hewani, kila tone mahali pake. Mwanamke aliyekuwa akivuka akasimama kulitazama lililokuwa mbele ya pua yake.*

*"Pumua," alisema fundi bila kugeukia dirisha. "Nikikupima umebana pumzi, litakubana."*

*Akapumua. Mvua ikaanguka yote kwa mpigo.*

*"Na huo mfuko uwe wa kiasi gani?"*

*Akanyoosha ngumi. Fundi akazungusha futi kwenye vifundo vya vidole.*

*"Ukifumbua nitapima vizuri zaidi."*

*"Hapana."*

*"Basi hapana." Akaandika. "Njoo Alhamisi."*

Tukio hili ndilo lililogeuza hadithi, kwa hiyo nitalichambua kidogo, hasa mahali ambapo Kiswahili kilinisaidia bila mimi kukitarajia.

Tangu mwanzo nilikuwa nikimwandika Tisini kwa "a-", alikuja, alisema, akanena, kana kwamba tunajuana. Upatanisho huo unampa msomaji mtu kabla mhusika hajawa mtu. Katika rasimu ya nne nilimrudisha kwenye "ki-": kitu kiliingia, kilisema, kikafikiri. Halafu nikatafuta mahali pa kuvukia. Kivuko ni "Akapumua". Sikukielezea, wala sikukiwekea alama. Msomaji mmoja tu kati ya watatu alikiona kwa macho. Wengine wawili walisema ni pale kwenye pumzi walipoanza kumwonea imani, bila kujua sababu. Sarufi ilikuwa imewafanyia kazi kisirisiri. Nadhani mwandishi wa Kiswahili anayeandika viumbe wa namna hii na kuacha ngeli zilale ana utajiri asioutumia.

Salamu nayo. Nilikaa saa nzima na swali la nani atoe shikamoo. Aliyekuwepo kabla ya bahari ni mkubwa kwa yeyote, kwa hiyo fundi ndiye aamkie. Lakini kinachomgusa msomaji ni kwamba mkubwa huyu hajui ukubwa wake ni wa aina gani. Ameona watu wanaoingia dukani wakimwamkia mzee, naye akafanya hivyo. Neno moja limebeba kazi ambayo zile kurasa mbili za upweke hazikuiweza. Fundi kwa upande wake anamwita "mama" kama anavyomwita mteja yeyote, na hilo si kumdharau. Katika biashara ya kupima nguo mwenye mamlaka ni mwenye futi. Nilihitaji mahali ambapo ujuzi wa mtu mmoja unamzidi mwenye uwezo wote, kwa adabu, bila vita.

Kisha mvua. Hiyo mistari miwili niliiandika mara tisa, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikijaribu kuyafanya yale niliyoyaona kwenye kibao cha gharika: tendo moja libebe vyote. Anabana pumzi kama mteja yeyote anayeona haya kupimwa, na ulimwengu unasimama. Ukiondoa mvua, ni bibi mwenye haya. Ukiondoa haya, ni bahari iliyokunjwa upya. Fundi asingegeuka dirishani hata kwa dawa. Angegeuka, tukio lingekuwa la mvua.

Sasa Alhamisi. Hapa ndipo lile neno nililolikosa lilipopata nyumba. Alhamisi Tisini angeweza kuileta saa ileile, lakini ingekuja na koti halijashonwa, kwa kuwa siku za kushonea zingekuwa zimerukwa. Kwa hiyo akasubiri kama watu. Alipokuja, fundi akamwambia maneno ambayo kila aliyewahi kupeleka nguo kwa fundi anayajua:

*"Bado vifungo."*

*"Najua. Alhamisi hii nilishaijia zamani."*

*"Kama ulijua mbona umekuja?"*

*Akalitazama benchi. "Kujua nilishajua. Kukaa ndiko bado."*

*Akakaa.*

Swali la ujuzi wote lilikuwa limenisumbua kuliko la nguvu zote. Mwenye kujua yajayo hana mashaka, na msomaji hushikwa na mashaka. Nilikuwa nimeanza kumpunguzia ujuzi, kumfungia baadhi ya siku, na mara hadithi ikajaa masharti ya nani anajua nini lini. Jibu la benchi lilinitoa huko. Kujua jambo na kulipitia ni vitu viwili. Mtu huenda kumuaga msafiri huku akijua saa ya kuondoka na maneno yatakayosemwa. Nilijaribu pia kumpa mchezo wa njeo, aseme "nilikuja kesho" na "utanipima jana", kwa kuwa nyakati kwake ni moja. Ulipendeza mara mbili, ya tatu ukawa kiinimacho. Nikabakiza ile sentensi moja tu ya Alhamisi.

Kwenye benchi nilimwacha kurasa nne, na kurasa hizo hazina muujiza wowote ila mmoja. Wengine walinishauri nizipunguze. Nilikataa. Hapo anatazama miguu ya fundi kwenye kanyagio la cherehani, anaokota vipande vya uzi sakafuni na kuvipanga kwa urefu, anasogea ili mteja mwingine apate nafasi. Msomaji aliyesema anamheshimu alinipigia simu akiwa katikati ya kurasa hizo kuuliza kama koti litakuwa limekwisha.

Lakini rafiki yangu hakuridhika. Alisema ameanza kumpenda Tisini na ameacha kumwogopa, na kwamba hilo ni deni. Nilibishana naye siku mbili kabla sijakubali. Ule muujiza mmoja wa benchi ulikuwa taa kuwaka bila mafuta, kitu cha kupendeza tu. Nikauondoa, nikaandika huu:

*Kivuli kimoja kilichoka kukunjwa. Kikatoka nyuma ya kisigino, kikapanda meza, kikagusa mkasi. Mkasi ukashika kutu, kutu ikawa unga, unga ukabaki mezani na umbo la mkasi. Fundi alikata uzi kwa meno. Mkono wake ulitetemeka.*

*"Ulikuwa wa baba," alisema.*

*Tisini akafanya alichoweza kufanya. Akaumba mkasi, mzuri kuliko ule, unaong'aa. Fundi akaupokea kwa mikono miwili, akaujaribu. Haukufunguka. Ulikuwa chuma kimoja. Kati ya makali yake hapakuwa na kati.*

*"Ahsante, mama," akasema, akautundika ukutani.*

Nilipoandika "hapakuwa na kati" nilisimama, nikatembea chumbani. Ile kanuni niliyoitunga ili aende kwa fundi ilikuwa imerudi kumuumiza bila mimi kuiita. Ameharibu kitu na hawezi kukilipa, na sababu ni ileile iliyomleta dukani. Hofu imerudi, kwa kuwa kivuli kimoja tu kimefanya hivyo na nyuma ya visigino kuna vingine themanini na kitu. Na huruma haikuondoka. Kama ningerudi kumfundisha mtu jambo moja kutoka kwenye kisa hiki lingekuwa hapo: kanuni ya nguvu za mhusika ikiwa nzuri, hutumika mara ya pili dhidi yake. Zile nguvu za rasimu ya kwanza zilikuwa orodha. Hazikuwa na namna ya kurudi.

Mengine nilifanya upesi. Kurasa saba za asili yake, kabla ya Kabla na mengineyo, nilizitupa; hakuna aliyeziulizia. Nilisimamisha baadhi ya maajabu ya mtaa. Ngazi zinahama bado, lakini duka la fundi halina ajabu lolote kabla Tisini hajaingia. Mlango ni mlango, namba kwenye futi ni namba. Dunia ya kindoto ilihitaji chumba kimoja cha macho makavu ili uzito wake upimike. Mwanamke wa barua nilimwacha kama alivyo, ila sasa yeye ndiye anayevuka barabara wakati mvua inaposimama.

Kosa moja sijalimaliza. Mtazamo wa hadithi uko kwa fundi karibu muda wote, na hilo limemlinda Tisini asijieleze. Lakini katika tukio la mwisho nilitaka kuingia ndani yake kwa sentensi moja, na kila nikiingia sauti ya "Enyi wana wa vumbi" inanisubiri mlangoni. Nimejaribu njia sita. Kwa sasa nimebaki nje, mikononi mwake.

Vifungo viliisha Jumamosi. Fundi alimvalisha, akavuta pindo, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama koti kama wanavyofanya mafundi wote. Tisini akaingiza ngumi mfukoni. Ikakaa humo muda mrefu. Ilipotoka ilikuwa imefumbuliwa, na kwenye kiganja mlikuwa na alama nne za kucha, ndefu, za zamani, zimekuwa nyeupe.

Rafiki yangu anasisitiza niandike kilichokuwa ngumini. Anasema msomaji amevumilia kurasa 40 na ana haki ya kujua. Tumebishana juu ya hilo mara nyingi kuliko juu ya jambo jingine lolote katika kazi hii, na mara ya mwisho aliniuliza kwa ukali, "Wewe mwenyewe unakijua?" Nikamwambia nilikijua mpaka siku ile kilipoingia mfukoni.